Mtaa Uliochorwa Kinyume

Wiki yangu ya kwanza ya kugawa barua Dorsoduro,
namba za nyumba zinanicheza shere:
elfu mbili mia tatu na tisa, mlango wa kijani,
kisha ukuta, kisha ukuta,
kisha elfu mbili na arobaini,
kana kwamba aliyezihesabu aliitwa chakula
na hakurudi tena.

Mimi ni wa Mestre, ng'ambo ya daraja la treni,
ambako barabara ikianza husema inakokwenda.
Hapa kichochoro hukushika mkono,
kikakupitisha chini ya shuka za watu zinazodondoka,
kisha kikakuachia ghafla
kwenye ngazi tatu na maji.
Maji tu, rangi ya chai iliyosahaulika.
Nimekwisha kuyavulia nguo; sina budi.

Novemba. Wageni wameburura masanduku yao kwao.
Ukimya uliobaki si wa kukosa sauti:
tupa inakula mbao kwa Tullio,
achongaye vishikio vya makasia kwa mti wa jozi,
kila kimoja kimekunjwa kama kiwiko
cha mtu aliyeshika tama.
Namwonyesha bahasha. Hainui uso.
"Fuata harufu ya wino," asema.
"Ukifika kwenye harufu ya mkate, umepitiliza."

Nikafuata pua.

Maji yalikuwa yamekupwa.
Kuta zimevua viatu, zimebaki na soksi za mwani,
na matofali yaliyoliwa yakaonekana,
na vidaraja vya chini ambavyo jana havikuwepo,
na paka mmoja, kaa mdogo kinywani,
akipita kama mwenye hati ya mahali.
Mwanamke alikuwa akiosha brashi dirishani.
Rangi ya samawati ikashuka ukutani polepole,
ikaugusa mfereji, ikamezwa.

Nerina alifungua, mikono myeusi hadi viwikoni.
Barua ilikuwa ya Alvise Scarpon, fundi aliyemfunza.
"Alihama," alisema. "Kile kisiwa
chenye ukuta mwekundu na miberoshi.
Nipe. Humjibia mimi."
Akaweka sahihi, na dole gumba lake
likaacha kwenye karatasi yangu
ramani ya vichochoro, safi kuliko ile ya posta.

Ndani, mabamba ya shaba yamelala kama samaki sokoni.
Rafu ya chini tupu. Ya pili tupu.
"Hizo ni za bamvua," alisema,
kwa sauti ya mtu anayemwekea mgeni kiti.

Kisha akanieleza kazi yake:
ukitaka mtaa utoke sawa karatasini,
uchonge kinyume kwenye shaba;
kushoto kuwe kulia, aendaye awe arudiye.
Miaka arobaini anauona mtaa wake kisogoni.
Juzi akasahau. Alichonga kama aonavyo,
na picha ikatoka imegeuka:
mnara wa kanisa ng'ambo isiyo yake,
kibao cha duka la mkate kikisomeka kutoka kulia,
kama msahafu.
"Chukua," alisema. "Wewe umepotea, na hii imepotea.
Mtasindikizana."

Kwenye daraja la kwanza nilisimama.
Sijui kwa nini niliigeuza kichwa chini,
nikainyoosha juu ya mfereji kwa ncha za vidole.
Na maji, yale yasiyokuwa na la kusema,
yakaupokea mtaa, yakaunyanyua,
mnara ukarudi kwake,
herufi zikageukiana, zikapangana,
moja, mbili, tatu, nne:
MKATE, kwa lugha ya mama yangu,
likitetemeka kidogo, kama linalosomwa na mtoto.

Mashua ya kuzoa taka ikapita, ikalivunja.
Nikangoja lijiunge.

Ndipo harufu ikanifikia, ya moto, ya chachu,
kutoka mlango ulio nyuma yangu.
Nilikuwa nimepitiliza.
Mkobani, barua thelathini na moja.